Baba Mkwe Kwenye Kituo cha Tatu

Wajukuu zangu wana timu zao za soka, na zikicheza siruhusiwi kugusa redio yangu mwenyewe. Sina ugomvi na soka. Lakini mchezo wangu mimi ni besiboli, na nimeupenda kwa miaka mingi kuliko miaka niliyokaa na mume.

Nilifundishwa na Mwalimu Pegi, msichana wa Kimarekani aliyekuja kujitolea mwaka 1964 katika shule ya wasichana niliyosoma, upande wa Kashozi. Alikuwa na nywele kama ndevu za mahindi na hakujua kuwasha moto wa kuni. Tulimwashia, naye akatufundisha kupiga mpira kwa gongo. Alipoondoka alianza kuniandikia barua moja kila mwaka, na nusu ya barua ilikuwa matokeo ya timu ya mji wao. Timu hiyo ilishindwa kila mwaka. Niliipenda hivyo hivyo. Barua ilikuwa inafika baada ya miezi miwili, mechi zimekwisha zamani, na bado nilikuwa nasoma polepole nikiombea wapate.

Kwa asiyeujua mchezo, nitasema kwa ufupi. Uwanjani kuna vituo vinne, na cha nne kinaitwa nyumbani. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kituo kwa kituo. Akifika nyumbani, timu yake imepata alama. Wakitolewa watatu, zamu yao ya kupiga imekwisha. Mkimbiaji anatolewa kwa njia mbili. Kama nyuma yake kuna mwenzake anayekihitaji kile kituo alichosimama, basi amesukumwa, hana budi kwenda mbele, na wapinzani wakikikanyaga kituo cha mbele wakiwa na mpira kabla hajafika, ametoka. Aliyepiga mpira naye huhesabiwa amesukumwa kwenda cha kwanza. Kama hakuna anayemsukuma, hatoki mpaka aguswe mwilini kwa mpira.

Aguswe. Neno hilo moja lilitaka kuniponza.

Niliolewa mwaka 1968 na Datius, nikatoka kwetu nikaja kijiji kimoja karibu na Muleba. Asubuhi za Jumamosi tulilima shamba la kijiji, wake kwa waume. Alasiri, wanaume wakienda kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, mimi niliwakusanya wanawake kwenye rweya, yale majani mafupi yaliyo nje ya migomba, nikawafundisha besiboli. Vituo vyetu vilikuwa magunia ya kahawa yaliyojazwa nyasi. Lameki seremala alituchongea gongo akakataa malipo, akisema anataka tu kuona litafanya kazi gani. Mpira ulikuwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyofungwa kwa nyuzi za sweta, na mama mkwe wangu, Ma Kokugonza, aliushonea ngozi ya mbuzi. Ulipochanika aliushona tena. Hakuniuliza hata siku moja una faida gani.

Miaka miwili ikapita bila mimi kupata mtoto. Wanawake wanaosoma hapa hawahitaji nieleze zaidi. Kila nyumba niliyoingia, macho yalianza tumboni ndipo yakapanda usoni. Jumamosi alasiri ilikuwa saa pekee ya juma ambayo watu walitazama mikono yangu.

Siku moja mwezi wa Juni, mwaka 1970, nilikuwa namenya ndizi mlangoni pa jiko. Baba mkwe wangu, mzee Ishengoma, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake uani. Yeye alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, mtu mrefu, mpenda maneno. Kwetu mkamwana na baba mkwe, kama ilivyo kwa mwanamume na mama mkwe wake, hawagusani hata kwa ncha ya nguo. Mkikutana njiani, mkamwana anatoka pembeni, anapiga magoti, mzee anapita. Hata kuzungumza, mzee wetu alipendelea kupitia kwa mkewe, ingawa mimi nilikuwa hatua sita tu kutoka kwake.

"Mama Datius," alisema, "mwambie mkwe wangu kwamba mwanamke aliyeolewa hachezi na fimbo uwanjani."

"Amekusikia. Hajaziba masikio."

"Mwambie tu."

Ma Kokugonza akanigeukia. "Verdiana, baba anasema mwanamke aliyeolewa hachezi na fimbo."

"Mwambie baba, waitu," nilisema kwa neno letu la heshima, "si fimbo. Ni gongo."

"Anasema ni gongo."

"Nimesikia!" alisema mzee. Halafu sauti ikashuka. "Mwambie dada zangu wamekuja tena. Wanasema mbio hizo ndizo zinazomfukuza mtoto."

Kisu kikasimama mkononi mwangu. Ma Kokugonza hakunifikishia hayo. Alichukua ndizi moja kutoka kwenye ungo wangu akaanza kuimenya, ingawa siku hiyo mkono wake ulikuwa na jipu.

Nisingependa mumchukie mzee huyu. Mwaka uliotangulia, kaka yake alikuja kumshauri Datius aoe mke wa pili. Niliona kupitia ukuta wa matete jinsi mzee Ishengoma alivyomwinua mgeni na kumsindikiza mpaka barabarani, na rubisi yake bado ipo kwenye kibuyu. Kwa hiyo siku ile nilijua hanichukii. Alikuwa ameogopa, na mtu mwenye hofu hupiga marufuku kitu kilicho karibu.

Datius, ambaye kwa kawaida hakumpinga baba yake, alikuwa amesimama mlangoni akifuta jembe. "Baba," alisema, "unakataza kwa sababu unajua wanawake hawa wangewashinda."

"Watushinde nani?"

"Ninyi. Sisi. Wanaume."

Mzee alicheka mpaka kigoda kikalia. Kisha akaacha kucheka, maana alikuwa mtu wa mashindano. "Mama Datius, mwambie mkwe wangu hivi. Sabasaba, baada ya hotuba, wanaume tisa kwa wanawake tisa. Tukishinda, gongo linachomea ndizi, na Jumamosi anakaa nyumbani. Wakishinda, hakuna mtu wa ukoo huu atakayetaja tena Jumamosi zake. Dada zangu nitawanyamazisha mwenyewe."

"Anakubali," alisema Ma Kokugonza kabla sijafungua mdomo.

Nikaandika sheria za mchezo kwenye daftari, kwa Kiswahili, nikampa Mwalimu Mwijage wa shule ya msingi awe mwamuzi. Mzee Ishengoma hakujua kusoma, akaagiza asomewe zote mara mbili. Niliona ni adabu nzuri ya mtu mzima. Kumbe alikuwa anatafuta tundu.

Siku ya Sabasaba walikuja watu hata kutoka Muleba mjini. Mrushaji wetu alikuwa Zabibu, mke wa Hamidi fundi cherehani, mtoto wa Bukoba mjini aliyehamia kwetu na mumewe. Alikuwa na mkono wa ajabu. Alijifunga kanga mbili kiunoni na kuwaambia wanaume, "Leteni magongo, nami nitawaletea dawa ya kujichua." Mimi nilikuwa mdakaji, nikilinda kituo cha nyumbani. Kwa wanaume, mdakaji alikuwa Buberwa mwenye duka, mtu mnene, mcheshi, aliyetembea kama amebeba ndoo kichwani.

Zamu ya kwanza tuliwapiga alama nne kwa moja. Wanawake waliokuwa wakitazama walipiga vigelegele, na wanaume wakaanza kulaumiana kuhusu jua.

Zamu ya pili akaja mzee Ishengoma kupiga. Alilishika gongo kama mtu anayetaka kufukuza mbuzi. Zabibu akarusha. Mzee hakupiga. Alitoa nyonga yake nje, taratibu kabisa, mpira ukamgonga.

"Nimegongwa!" alisema. "Mwalimu, daftari linasemaje?"

Mwalimu Mwijage akafungua. "Mpigaji akigongwa na mpira anapewa kituo cha kwanza."

"Mzee amejigongesha!" Zabibu alipiga kelele. "Jamani, hamkuona nyonga ile? Hata harusini sijaona nyonga kama ile!"

Watu wakacheka, na mzee akaenda kituo cha kwanza huku akichechemea mguu ambao haukuguswa. Rugaibula, aliyemfuata, akakosa mpira mara tatu, akatolewa. Kisha Datius akapiga mpira mrefu, naye mzee akajikokota mpaka kituo cha tatu. Datius akabaki cha kwanza. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ningepaswa kuliona mwezi mzima uliopita.

Kituo cha tatu alikuwa Clotilda, mke wa mtoto wa kaka yake mzee. Mzee alipofika, alitoa kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna. Akaweka punje tatu kwenye kipande cha jani la mgomba, akamnyooshea. Clotilda angefanya nini? Alipiga magoti akapokea kwa mikono miwili, na mpira tuliomrushia ukapita juu ya kichwa chake.

Kisha Buberwa akapiga mpira mfupi. Zabibu akauokota, akanitupia. Mpira ulikuwa mkononi mwangu na mzee alikuwa bado hatua kumi. Hakuna aliyemsukuma, kwa kuwa kituo cha pili kilikuwa kitupu nyuma yake. Kwa hiyo ilinipasa nimguse. Aliponiona nimesimama na mpira, alipunguza mwendo. Akaweka mikono nyuma. Akaja anatembea kama anayetoka kupokea komunyo, akitazama mawingu.

Nami nikatoka njiani, nikapiga magoti.

"Alama!" alisema Mwalimu Mwijage, akikohoa ili asicheke.

Nilitazama uwanja wangu wote. Tulikuwa wanawake tisa. Ukimwondoa Zabibu, wanane wote tulikuwa tumeolewa ndani ya ukoo ule, na kila mmoja wetu alikuwa mkamwana wa mzee Ishengoma, wa nyumbani au wa ndugu. Niliwachagua kwa wepesi wa miguu na uzuri wa mikono. Sikuwachagua kwa kufikiri wameolewa wapi. Timu ya Mwalimu Pegi isingeweza kufanya kosa hili hata ingejitahidi.

"Mimi nitamgusa," alisema Zabibu tulipokutana katikati. "Nitamgusa mpaka asahau jina lake. Niweke nyumbani."

"Na nani atarusha?"

Alinitazama, akatazama wenzetu. Hakukuwa na mwingine.

Ikawa hivyo mpaka mwisho. Kila zamu yake ilipofika mzee alitoa nyonga, akagawa kahawa, akarudi nyumbani akitembea. Alipata alama tatu bila kutoka jasho. Sisi tulipiga, wao walipiga, na ilipofika zamu ya tano, ya mwisho, tulikuwa na tisa, wao nane, na wanaume ndio waliokuwa wakipiga. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Mmoja wao alikuwa ameshatolewa. Rugaibula, kijana mwenye mbio, alikuwa kituo cha pili. Na kituo cha tatu, akitafuna kahawa yake, alikuwa baba mkwe wangu.

Mpigaji alikuwa Datius.

Nilijua mkono wa Datius. Angepiga tu, popote pale, mzee angetembea mpaka nyumbani nami ningepiga magoti, na Rugaibula nyuma yake angetumalizia mchezo. Niliwaona wale mashangazi, dada zake mzee, wamekaa kwenye mkeka chini ya mwavuli mmoja, wamenyooka. Nikaona Jumamosi zangu zote zilizobaki, nimekaa jikoni, natazamwa tumbo.

Kisha nikakumbuka siku moja ambayo Mwalimu Pegi alimpa msichana aliyepiga vizuri kuliko wote kituo cha bure, kwa makusudi, nasi tukadhani amerukwa na akili. Nikahesabu vituo kwa kidole. Cha pili kina mtu. Cha tatu kina mtu. Cha kwanza ni kitupu.

Nikamwendea Zabibu. "Usimrushie Datius."

"Nimrushie nani, shetani?"

"Rusha nje. Mara nne. Apewe kituo cha kwanza bure."

"Mume wako? Bure? Mbele ya watu hawa wote?" Alinikazia macho. "Verdiana, umependa au umechoka?"

"Niamini, shoga yangu."

Aliniamini. Mpaka leo namshukuru, maana mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Alirusha mpira wa kwanza mbali kabisa, nikaufuata pembeni. Wa pili vivyo hivyo. Watu wakaanza kunung'unika. Wa tatu, mtu akapaza sauti, "Anampendelea mumewe!" Mwingine akajibu, "Leo atakula minofu!" Mashangazi walitikisa mwavuli. Datius aligeuka, uso umemwiva.

"Verdiana, unanitia aibu. Niache nipige."

"Nenda kituo cha kwanza, mwenzangu," nilimwambia kwa upole. "Chakula chako nitakiweka."

Mpira wa nne ukaenda nje. Datius akalitupa gongo chini, akaenda. Sasa vituo vyote vitatu vilikuwa vimejaa, na kila mtu alikuwa akisukumwa na aliye nyuma yake. Mzee Ishengoma hakulitambua hilo. Alikuwa akinitazama kwa huruma, kama anayeona mgonjwa amezidiwa.

Akaja Buberwa. Zabibu akamrushia mpira mzuri, wa chini. Buberwa akapiga, ukabiringika kwenye nyasi moja kwa moja mpaka miguuni mwa Zabibu, naye akanitupia. Mzee akaanza safari. Aliponiona nimeudaka, alipunguza mwendo kama kawaida yake. Mikono nyuma. Macho mawinguni. Alikuwa hata na wimbo mdogo puani.

Nikaweka mguu wangu wa kulia juu ya gunia, nikiwa na mpira mkononi. Nikaukandamiza ili mwalimu auone. Kisha nikamtupia Ephrasia kwenye kituo cha kwanza, nikatoka njiani, nikapiga magoti na kuinamisha kichwa, kama nilivyofundishwa na mama yangu.

Mzee akapita. Akasimama juu ya gunia kwa miguu yote miwili, akainua mikono. "Tumesawazisha! Mama Datius, mwambie mkwe wangu tumesawazisha!"

Ephrasia alikuwa ameshaudaka mpira na kukanyaga kituo cha kwanza. Buberwa alikuwa katikati ya njia, amesimama kuvuta pumzi.

"Mzee ametoka," alisema Mwalimu Mwijage. "Na Buberwa ametoka. Mchezo umekwisha. Wanawake tisa, wanaume nane."

"Nimetokaje? Nani amenigusa?" Mzee aligeuka huku na huku akijipapasa mabega. "Leteni aliyenigusa!"

Mwalimu akafungua daftari, akasoma polepole ile sheria ya aliyesukumwa. Akaisoma tena. Akamwonyesha mzee jinsi Rugaibula alivyokihitaji kituo cha tatu, Datius cha pili, na Buberwa cha kwanza. Mzee alifuata kidole chake kutoka gunia hadi gunia, midomo ikisogea. Mimi nilikuwa bado magotini.

"Kwa hiyo ule upendo wa kumpa mume kituo," alisema mwishowe, "haukuwa upendo."

"Haukuwa, baba," nilijibu. Nilijisahau, nikamjibu mwenyewe.

Halafu akamgeukia Ma Kokugonza. "Mwambie mkwe wangu kwamba nimetolewa na heshima yangu haina hata mkwaruzo." Akachukua kikapu chake cha kahawa, akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa mashangazi. Sikusikia aliyowaambia. Niliona tu mwavuli ukishuka, ukikunjwa.

Nililia, sioni haya kusema. Zabibu alinifuta kwa pindo la kanga, na Datius akaja akaniokotea kofia iliyonidondoka nilipoinama. "Chakula hicho ulichosema," aliuliza, "kipo kweli au nacho ni mbinu?"

Mzee alishika neno lake. Hakuna aliyetaja tena Jumamosi zangu, wala mwaka ule wala miaka mitatu baadaye, Mungu aliponipa mtoto wa kwanza na nikakaa nje ya uwanja kwa hiari yangu. Lakini hakulala. Siku ya pili baada ya Sabasaba, nikiwa jikoni, nilisikia kigoda kikiburutwa mpaka upande wa pili wa ukuta wa matete.

"Mama Datius," ilisema sauti, "mwambie mkwe wangu asome lile daftari tena. Lote. Na asiruke neno."

Ma Kokugonza alikuwa ameenda kisimani. Tulijua wote wawili. Nikachukua daftari kwa Mwalimu, nikakaa upande wangu wa ukuta, nikaanza kusoma kwa sauti. Yeye upande wake alitafuna na kuuliza. Tulisoma hivyo jioni nne. Na mwaka uliofuata, wajumbe walipohimizwa kujiandikisha kisomo cha watu wazima, alikuwa wa kwanza, akisema amechoka kusomewa na mshindani wake.

Jioni ya nne alihesabu vituo kwa sauti ya chini, kimoja kimoja. Kisha akauliza, "Hii mbinu ya kujaza vituo, hata sisi tunaweza kuwafanyia ninyi?"

"Inaruhusiwa, baba."

"Lakini haitatusaidia. Mdakaji wetu Buberwa hana wa kumwogopa uwanjani. Anaweza kumgusa yeyote."

"Ndiyo, baba," nilisema, nikafunga daftari.

Sikumwambia kwamba asubuhi ile nilikuwa nimetoka kwa bibi mmoja wa kijiji cha pili, mjane mwenye miguu bado imara, na kwamba alikuwa amekubali kujiunga nasi Jumamosi. Alikuwa mama mkwe wa Buberwa.